Banda la Kuku la Kuhamishika: Kulijenga na Kulitumia Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kuku 5 wakubwa wa kienyeji au chotara na uwanja wenye nyasi nyumbani. Banda la kuhamishika hukaa mahali pamoja kwa siku moja, kisha husogezwa. Kuku wanapata majani na wadudu wapya kila asubuhi, kinyesi kinasambaa badala ya kulundikana, na ardhi inapata muda wa kupumzika.

Kanuni moja inaongoza mpango mzima: hamisha, kagua, ndipo ufungue. Vipimo na ratiba vyote vimepangwa ili kuku wawe wamefungiwa salama wakati banda linasogea. Fuata hatua kwa mpangilio wake, na usianze hatua mpya kabla ukaguzi wa iliyotangulia haujakubali.

Maneno yatakayotumika

- Kiunzi: mifupa ya mbao ya banda, urefu cm 240, upana cm 120, kimo cm 90.
- Chumba: sehemu ya nyuma ya kulala na kutagia, urefu cm 80, sakafu yake ikiwa cm 35 juu ya ardhi.
- Uwanja: sehemu nyingine yote ya banda, isiyo na sakafu, ambako kuku huchakura. Unaingia hadi chini ya chumba.
- Kilango: kipande kati ya chumba na uwanja. Kikishushwa ni ngazi, kikivutwa juu ni mlango.
- Kituo: eneo la cm 240 kwa 120 ambapo banda hukaa kwa siku moja.
- Nyuma: upande wa chumba na magurudumu. Mbele: upande wa kamba ya kuvutia.

Vifaa

- Mbao kavu za inchi 2 kwa 2, futi 12: vipande 9
- Mbao za inchi 1 kwa 2, futi 12: vipande 2
- Ubao wa inchi 1 kwa 6, futi 8: kipande 1
- Plaiwudi ya mm 6, futi 8 kwa 4: moja
- Bati la futi 8: moja
- Wavu wa kuchomelea wenye matundu ya nusu inchi, upana cm 90: mita 12
- Bawaba za inchi 3: 6, komeo: 4
- Magurudumu yenye kipenyo cha cm 20: 2
- Nondo laini ya mm 16, urefu cm 145: 1
- Bolti za mm 8, urefu cm 10, pamoja na nati na washa: 8
- Misumari ya inchi 4: kilo 1, ya inchi 1: robo kilo, ya U: kilo 1, ya bati: robo kilo
- Skrubu za inchi 3: 8, skrubu ya pete: 1
- Kamba ya mm 12: mita 2, kamba nyembamba: mita 2
- Mpini wa jembe uliokatwa cm 80. Waya wa kufungia. Rangi ya mafuta lita 1

Zana: futi kamba, guni, penseli, msumeno, nyundo, keekee yenye ncha za mm 3, 8, 14 na 17, koleo, spana, mkasi wa bati, randa na msasa.

Wavu mwepesi wa kuku wenye matundu ya pembe sita haufai kazi hii. Unamzuia kuku asitoke, lakini kicheche na nguchiro wanaweza kuupenya au kuuchana.

SEHEMU YA KWANZA: KUJENGA

Hatua ya 1. Pima eneo kabla ya kununua chochote.
Vituo 28 vinahitaji eneo la mita 17 kwa mita 6: mistari 4, kila mstari vituo 7, na nafasi ya cm 30 kati ya mstari na mstari. Eneo likiwa dogo, panga vituo 14 na uhamishe kila baada ya siku 2. Kwa vyovyote, kituo kipumzike takriban wiki 4 kabla ya kutumiwa tena.
Kagua: mteremko usizidi cm 10 kwa kila mita 1, na kusiwe na mashimo, visiki wala vioo vilivyovunjika.

Hatua ya 2. Kata mbao za 2 kwa 2 na uziandike herufi.
- A: cm 240, vipande 4
- B: cm 110, vipande 10
- C: cm 80, vipande 6
- D: cm 70, vipande 2
- E: cm 30, vipande 4, ncha zote zikikatwa kwa nyuzi 45
- F: cm 120, kipande 1

Mbao 4 za kwanza zitoe A moja na B moja kila moja. Mbao 2 zinazofuata zitoe B tatu kila moja. Ya saba itoe C nne. Ya nane itoe C mbili na D mbili. Ya tisa itoe F. Kata E kutoka kwenye mabaki.
Kagua: simamisha vipande vya herufi moja pamoja. Kipande kinachopishana na wenzake kwa zaidi ya mm 3 kirekebishwe au kikatwe upya.

Hatua ya 3. Unga kiunzi.
Laza A mbili sambamba, weka B moja kati yao kila mwisho, toboa kwa ncha ya mm 3, kisha pigilia msumari wa inchi 4. Hiyo ni fremu ya chini. Unga fremu ya juu vivyo hivyo, ukiongeza B ya tatu ambayo uso wake wa mbele uko cm 80 kutoka nyuma. Simamisha C nne kwenye pembe za fremu ya chini, na C mbili nyingine kwenye alama ya cm 80, moja kila upande. Weka fremu ya juu na upigilie. Malizia kwa E: kila upande, moja juu na moja chini ya nguzo ya mbele.
Kagua: pima fremu ya chini kutoka pembe hadi pembe ya mkabala, kisha pembe mbili nyingine. Vipimo vyote viwili viwe karibu cm 268, na visipishane kwa zaidi ya nusu sentimita. Vikipishana, sukuma pembe ndefu kabla hujaendelea. Kiunzi kilichopinda hakirekebishiki baada ya kufungwa wavu.

Hatua ya 4. Jenga sakafu ya chumba.
Pigilia D kila upande, kati ya nguzo ya nyuma na nguzo ya cm 80, uso wake wa juu ukiwa cm 35 kutoka ardhini. Kwa kimo hichohicho pigilia B tatu: nyuma, kwenye nguzo za cm 80, na katikati, cm 30 kutoka hiyo ya nguzo za cm 80. Pigilia B ya nne kati ya nguzo za nyuma, uso wake wa juu ukiwa cm 75 kutoka ardhini. Kata wavu wa cm 118 kwa 78, punguza pembe ili upite kwenye nguzo, na uupigilie juu ya sakafu kwa misumari ya U kila cm 5.

Chukua B ya mwisho uitengeneze kichanja. Viringisha kingo zake za juu kwa randa na msasa, kisha uifunge kwa skrubu juu ya vigingi vitatu vya cm 10 vilivyosimama kwenye B ya katikati ya sakafu. Kila kuku atapata cm 22 za kulalia. Tumia skrubu, si misumari, kwa sababu kichanja kitafunguliwa kila mwezi.
Kagua: kandamiza sakafu kwa viganja viwili. Wavu usilegee wala msumari usichomoke.

Hatua ya 5. Funga wavu.
Kata vipande viwili vya cm 240 na uvipigilie pande mbili ndefu, kimo chote. Kata kipande kingine cha cm 240 kwa paa. Kata cha mwisho cha cm 240 na ukipasue mara tatu kwa upana wa cm 30. Ukanda wa kwanza unakamilisha paa: uunge na mwenzake kwa waya wa kufungia kila cm 5. Ukanda wa pili, ukikatwa cm 120, unafunga nyuma chini ya chumba. Ukanda wa tatu unatoa vipande vya kufunga nafasi ya cm 10 iliyoko juu ya kuta za chumba, nyuma na upande wa uwanja. Nafasi hiyo ni njia ya hewa, na haizibwi kwa mbao.
Kagua: chukua kijiti chenye unene wa cm 1.5 ukipitishe kila mahali wavu unapokutana na mbao. Kikipita popote, ongeza msumari wa U au waya. Kisha pitisha kiganja ndani polepole. Ncha yoyote ya waya inayokwaruza ipindwe kwa koleo, maana itachubua mguu wa kuku.

Hatua ya 6. Tengeneza kuta, kilango na kiota.
Kata plaiwudi: vipande viwili vya cm 120 kwa 45, viwili vya cm 80 kwa 45, na kimoja cha cm 48 kwa 28. Paka rangi mara mbili, ukiacha ikauke kila mara. Pigilia vya cm 80 ubavuni mwa chumba, kuanzia kimo cha cm 30 hadi 75. Kwenye kimoja cha cm 120 kata tundu la upana wa cm 25 na kimo cha cm 35, likianza cm 5 juu ya ukingo wa chini. Kipigilie kwenye uso wa mbele wa nguzo za cm 80. Hiki ndicho kizuizi kati ya chumba na uwanja.

Kilango ni kipande cha cm 48. Kigongomee vijiti vya ngazi kila cm 10, kifunge kwa bawaba mbili chini ya tundu, na ufunge kamba nyembamba kwenye ncha yake ya juu. Pitisha kamba kwenye skrubu ya pete iliyofungwa kwenye B ya juu, itoke nje kupitia wavu wa ubavuni, ifungwe kwenye msumari.

Kiota kiwe cm 30 kila upande, kwenye pembe ya nyuma ya chumba, chenye kizingiti cha cm 10 mbele na kifuniko chenye mteremko mkali ili kuku wasilale juu yake. Kuku 5 wanatosheka na kiota kimoja.
Kagua: fungua na kufunga kilango mara 10 ukiwa nje. Kisikwame. Kikifungwa, kifunike kingo zote za tundu.

Hatua ya 7. Weka milango miwili.
Mlango wa mbele: unga fremu ya mbao za 1 kwa 2, vipande viwili vya cm 108 na viwili vya cm 68 kati yake, ipate cm 108 kwa 78. Pigilia wavu, kisha uufunge kwa bawaba mbili na komeo mbili. Mlango wa nyuma ni kile kipande cha cm 120 kilichobaki: kiimarishe kwa vijiti viwili vya 1 kwa 2, kifunge bawaba upande wa chini ili kifunguke kwa kushuka, na uweke komeo kila pembe ya juu. Mlango huu ni wa kuokotea mayai na kusafishia.
Kagua: komeo zikiwa zimefungwa, vuta kila mlango kwa nguvu. Nafasi pembeni isizidi cm 1.

Hatua ya 8. Ezeka chumba.
Pigilia F juu ya B ya juu ya cm 80, ili paa lishuke cm 5 kuelekea nyuma. Kata bati katikati upate vipande viwili vya cm 122. Vilaze kwa kupandana cm 15, migongo ya bati ikielekea nyuma, kila kimoja kikizidi ukuta wa nyuma kwa cm 12. Sehemu ya mbele itatoa kivuli cha cm 30 juu ya uwanja.
Kagua: mwaga lita 5 za maji juu ya bati. Yote yatoke nyuma, na chumba kibaki kikavu.

Hatua ya 9. Funga magurudumu na kamba ya kuvutia.
Kata ubao wa 1 kwa 6 vipande viwili vya cm 105. Kila kimoja kikae nje ya ubavu, ukingo wake wa chini ukiwa cm 4 kutoka ardhini, kikianzia nguzo ya cm 80 na kuzidi nyuma ya kiunzi kwa cm 25. Kifunge kwa bolti mbili kwenye kila nguzo. Toboa tundu la mm 17 lililo cm 20 nyuma ya kiunzi na cm 11 juu ya ardhi. Pitisha nondo, vika magurudumu kwa washa, na uzuie ncha kwa pini ya msumari. Toboa matundu mawili ya mm 14 kwenye B ya chini ya mbele, cm 10 kutoka kila mwisho. Pitisha kamba ya mm 12, funga mafundo kwa ndani, na uweke mpini wa cm 80 katikati. Kamba ikinyooshwa juu, mpini uwe cm 40 kutoka ardhini.
Kagua: banda likiwa limetulia, magurudumu yaelee cm 1, na uzito wote ubebwe na mbao. Nyanyua mbele cm 30. Magurudumu yaguse ardhi, na nyuma inyanyuke angalau cm 1. Isiponyanyuka, tundu la nondo liko juu mno.

Kunyanyua banda hili ni kazi ya watu wazima wawili kwa mpini mmoja. Usimwachie mtoto.

SEHEMU YA PILI: KUTUMIA

Hatua ya 10. Chanja, kisha ingiza kuku.
Kuku wapya wachanjwe dhidi ya mdondo, unaoitwa pia kideri. Kwa chanjo ya I-2, dondosha tone 1 kwenye jicho moja la kila kuku, na urudie kila baada ya miezi 3. Kuhamisha banda hakuzuii mdondo. Waingize chumbani jioni, na kwa siku 3 usiwatoe nje ya banda, ili wazoee mahali pa kulala.
Kagua: jioni ya tatu, kuku wote wapande chumbani wenyewe giza linapoingia.

Hatua ya 11. Hamisha kila asubuhi kwa mpangilio huu.
1. Hesabu kuku kupitia nafasi ya hewa. Kilango kiwe kimefungwa.
2. Fungua mlango wa mbele, toa vyombo vya maji na chakula, na uufunge.
3. Kagua kituo kipya: ondoa mawe na mifuko ya plastiki, na utazame kama kuna msururu wa siafu. Wakiwepo, ruka kituo hicho.
4. Nyanyua mbele cm 30, vuta cm 240 kwa mwendo wa taratibu, na ushushe bila kuangusha.
5. Zunguka banda. Nafasi chini ya mbao ikizidi cm 3, izibe kwa udongo au kipande cha mbao.
6. Osha chombo cha maji, weka lita 3, na uweke gramu 600 za chakula cha kutagia. Majani ni nyongeza, hayachukui nafasi ya chakula.
7. Shusha kilango.

Namba 7 haitangulii namba 5 hata siku moja. Kuku akiwa uwanjani wakati banda linavutwa, mguu wake unaweza kubanwa na ubao wa nyuma.

Kusogeza kila siku kuna sababu ya kitaalamu. Vimelea vya kuhara damu vinavyotoka na kinyesi huhitaji takriban siku 1 hadi 2 za joto na unyevu kabla ya kuweza kuambukiza. Banda linaloondoka asubuhi linaviacha nyuma. Mapumziko ya kituo hupunguza vimelea, hayavimalizi, kwa hiyo usifupishe mzunguko.

Hatua ya 12. Kagua mchana.
Okota mayai saa 6 mchana na saa 11 jioni. Jua likiwa kali, tandika makuti au magunia juu ya uwanja hadi nusu yake, na uongeze maji. Kuku wanaohema midomo wazi na kutanua mabawa wamezidiwa na joto: lipelekeni banda chini ya mti mara moja, kuku wakiwa wamefungiwa chumbani.

Hatua ya 13. Funga jioni.
Kuku wakishapanda, hesabu, vuta kilango, funga kamba, na ujaribu komeo zote 4 kwa mkono. Ondoa chakula kilichobaki, kwa kuwa huvuta panya, na panya huvuta nyoka. Mnyama akichimba chini ya uwanja usiku, atakuta sakafu ya wavu kati yake na kuku.

Hatua ya 14. Safisha na tengeneza kwa ratiba.
- Kila wiki: kwangua sakafu, badilisha maranda ya kiota, na utazame chini ya kichanja kwa tochi usiku. Vidoa vyekundu vinavyotembea ni utitiri.
- Kila mwezi: fungua kichanja ukioshe na kukianika juani, kaza bolti, na urudie ukaguzi wa kijiti cha Hatua ya 5.
- Kila mzunguko: fyeka nyasi za vituo vilivyopumzika zibaki cm 5 hadi 10. Ukitaka kupanda mboga za kuliwa mbichi mahali palipopita banda, acha miezi 4 ipite kati ya siku banda lilipoondoka na siku ya kuvuna.

Hatua ya 15. Badilisha mpango masika.
Udongo ukituamisha maji, peleka banda kwenye mstari ulioinuka, tandaza majani makavu unene wa cm 5 ndani ya uwanja, na uendelee kuhamisha kila siku. Kuku akionekana ameduwaa, manyoya yamesimama au kinyesi kina damu, mtenge siku hiyohiyo na umwite afisa mifugo wa kata yako.

Banda hili halipunguzi kazi ya mfugaji. Linaigawa katika dakika chache za kila asubuhi na jioni, na dakika hizo hazina mbadala. Likiachwa kituo kimoja kwa wiki nzima, linakuwa banda dogo la kawaida lenye kuku waliobanana juu ya kinyesi chao. Kama nyumbani kwako hakuna watu wawili walio tayari kulihamisha kila asubuhi, jenga banda la kudumu lililo kubwa na safi. Kama wapo, anza na kuku 5, maliza mzunguko mmoja kamili, kisha ndipo ufikirie banda la pili.